Dada Alisema Nimpishe

Nilipowaacha wiki jana nilikuwa bado nimekaa garini, injini imezimwa, helmeti kichwani, nanuka jasho na hasira. Kwa anayeanza kusoma leo, habari yenyewe ni fupi na haina harufu nzuri.

Mimi ni dereva wa magari ya mbio. Timu yetu ina magari mawili: moja langu, jingine la mwenzangu tunayemwita Sabuni, kwa sababu uso wake ni msafi saa zote na hashikiki. Mwenye timu tunamwita Tajiri. Msimu ujao Tajiri anabaki na gari moja tu, na alitutangazia mbele ya mafundi wote kwamba atabaki naye yule atakayekuwa juu ya mwenzake msimu ukiisha. Wa pili akatafute kazi. Mimi kazi nyingine siijui.

Sasa, kila ninapokuwa mbele ya Sabuni, sauti inaniingia sikioni: "Amri ya timu. Mpishe." Nami najibu "sawa," nasogea pembeni, ananipita kama anapita kibanda cha soda. Msimu mzima umekwenda hivyo. Mafundi wamenibatiza Bwana Sawa.

Sauti yenyewe ni ya dada yangu, toka nitoke, tumbo moja.

Msishangae. Kwenye timu yetu kila dereva ana mhandisi wake, na ni mhandisi huyo peke yake anayezungumza na dereva kwenye redio. Tajiri hagusi redio. Aliwahi kumfokea dereva katikati ya kona, dereva akaenda kukumbatia ukuta. Tangu siku hiyo Tajiri akiwa na neno humwambia mhandisi kwa mdomo, na mhandisi ndiye humfikishia dereva. Sauti moja, sikio moja. Dada ndiye mhandisi wangu, na mimi sikio lake.

Basi siku ile zilikuwa mbio za mwisho kasoro moja. Nilikuwa wa pili. Dada akasema nimpishe. Nikampisha. Sabuni akapanda jukwaani kuchukua kikombe, mimi nikabaki garini natazama usukani.

Fundi wa tairi akaja, akainama, akapapasa tairi zangu moja moja.

"Bwana Sawa," akasema, "tairi hizi bado zina maisha. Ulikuwa unamsubiri nani huko njiani?"

"Fanya kazi yako, fundi."

"Naifanya. Nauliza tu kama na wewe unaifanya yako."

Mafundi wakacheka. Nikavua helmeti, nikatoka, nikanyoosha mkono kuchukua chupa yangu ya maji. Sikuikuta. Ilikuwa mdomoni mwa Sabuni.

Alikuwa ameshuka jukwaani, ovaroli yake inanata mvinyo waliomwagiana, na anakunywa maji yangu kwa mrija wangu, taratibu, kama mtu aliye kwao. Alipomaliza akafuta mdomo kwa kiganja, akanirudishia chupa.

"Umefanya vizuri leo, shemeji," akasema, akanipiga begani.

Shemeji. Nikadhani ni utani wake, maana Sabuni ana utani wa kila aina na hakuna hata mmoja unaochekesha. Ile chupa nikaitupa kwenye pipa la matambara ya grisi. Bega nalo lilinata mpaka nilipofika nyumbani.

Kabla sijabadili nguo, nikaitwa kwa Tajiri.

Ofisi ya Tajiri ni kigari cha kukokotwa nyuma ya gereji, kina meza, feni na viti viwili. Nilimkuta anakata kucha juu ya meza. Vipande vinaruka, kimoja kikatua mbele yangu. Hakukiondoa.

"Kaa," akasema. "Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Mimi moyo wangu uko kwa Sabuni."

"Bado mbio za mwisho, Tajiri."

"Najua, na neno langu ni neno. Mmekaribiana kwa pointi, atakayemaliza mbele ya mwenzake siku hiyo ndiye wangu. Ila nakuambia moyo wangu. Dereva anayejipisha mwenyewe atanisaidia nini?"

Nikakipangusa kile kipande cha ukucha kikaanguka chini.

"Ninayejipisha mwenyewe?"

"Wewe. Una mwendo, sikatai. Lakini mwenzako akikukaribia tu unamfungulia mlango. Nimemuuliza dada yako, akaniambia unaogopa kuguswa. Kasema ameshajaribu kukutia moyo, ameshindwa."

"Tajiri, mimi nafuata amri."

"Amri gani?"

"Amri ya timu. Kwamba nimpishe."

Tajiri akaweka kikata kucha mezani. Akanitazama muda, si kwa hasira. Kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kijana, mimi sijawahi kutoa amri hiyo. Msimu mzima nimesema neno moja tu kwa wahandisi wote wawili: waacheni wagombanie. Nani kakwambia umpishe?"

Swali lilikuwa mbele yangu, limeiva, la kuchuma tu. Ningetamka maneno mawili, Dada asingeiona tena gereji yoyote duniani. Mhandisi anayemdanganya dereva wake akiwa kwenye mwendo ule hapewi hata fagio.

Nikafungua mdomo. Nikamwona Mama akilini mwangu akiulizwa sokoni, eti ni kweli mmoja kamuuza mwenzake? Nikaufunga.

"Labda nimechanganya," nikasema.

"Umechanganya msimu mzima?"

"Labda."

"Nenda kapumzike," akasema Tajiri, akashika tena kikata kucha. "Siku ya mwisho mko huru, kama mlivyokuwa huru siku zote."

Huru. Nilitoka mle nikashika ukuta wa gereji, nikatema mate, na ladha chungu haikutoka.

Bado nilikuwa najidanganya. Nilijiambia labda Dada alimsikia Tajiri vibaya. Kelele za injini, watu wanapiga makelele, neno linaweza kupotea. Lakini neno hupotea mara moja, ndugu zangu. Halipotei lilelile kila wiki na kuangukia kwa mtu yuleyule.

Kesho yake nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anapiga pasi, rundo la nguo kitandani, na akanipokea kwa uso wa sikukuu. Akazima pasi. Mama hazimi pasi hata nyumba ikiungua.

"Njoo mwanangu, kaa hapo nikubariki."

Nikakaa. "Nimefanya nini, Mama?"

"Usinifiche, nimeambiwa yote. Ni wachache wenye roho kama yako. Kumwachia shemeji yako riziki, na wewe mwenyewe unaihitaji."

"Shemeji gani?"

"Ala, unanitania. Yule kijana msafi mnayeendesha naye. Mtu mwenye adabu. Alikuja na dada yako kuniamkia, akakaa hapo hapo ulipokaa."

Nikainuka kwenye kile kiti kama nimekalia siafu.

Mama akaendelea, hana habari. "Dada yako kaniambia mmekubaliana ninyi watatu. Yeye abaki na timu, wewe umechoka na mbio, unataka kufungua gereji yako. Nikamshukuru Mungu. Nitalala usingizi sasa, sitakaa tena kusikiliza redio huku nimeshika kifua."

"Mama, mimi nimekuambia nimechoka?"

"Dada yako kasema—"

"Mimi. Mdomo huu. Umekuambia?"

Akanitazama. Yule mama ni mjanja kuliko sisi sote, na nililiona lile jambo likimshuka taratibu kutoka machoni mpaka mabegani. Akachukua shati, akaanza kulikunja. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi sikuelewa," akasema. "Mimi mtu mzima, nasikia vibaya."

Hata yeye. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa tayari kuitwa kiziwi ili Dada asiitwe mwongo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu hakikuwa nguoni, kilikuwa sikioni, na nilikuwa nakivaa mwenyewe, kila wiki, nakisukuma ndani kwa kidole ili kikae vizuri.

Nilimkuta Dada asubuhi iliyofuata gerejini, peke yake mezani kwake, anafuta vifaa vyake vya redio kwa pamba. Hakugeuka.

"Mama kanipigia simu," akasema. "Najua unachotaka kusema."

"Basi sema wewe."

"Tajiri hakutoa amri. Nilikuwa naitoa mimi."

Hivyo tu. Kama mtu anayekusomea joto la injini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa uongo, kwa kupigiwa magoti. Sikujiandaa kwa pamba inayoendelea kufuta.

"Unanichefua," nikamwambia.

"Najua."

"Kwa ajili ya yule? Mtu anayekunywa maji ya wenzake?"

Hapo akageuka. "Kumbuka kile kigari cha mbio za watoto tulichoanzia. Kilikuwa kimoja. Kati yetu nani alikuwa na mwendo?"

Nikaitazama pamba mkononi mwake.

"Nauliza. Nani?"

"Wewe."

"Baba akasema nini?"

"Kwamba wewe utaolewa."

"Nikashuka. Nikakupakia mimi, nikakufunga mkanda kwa mikono hii, nikakufundisha kila kona unayoijua. Watu wakasema kijana ana kipaji. Kile kiti ni changu. Nilikuazima. Nimekuja kukichukua, nampa ninayetaka."

"Si ungeniomba?"

"Ungesema sawa," akajibu. "Wewe kila kitu sawa. Ningekuchukia zaidi."

Nikauliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuwa linaniwasha. "Kwa nini yeye?"

Akafikiri. Akaiweka pamba chini.

"Akitoka garini ananiuliza, ile kona wewe ungeiingiaje? Kila siku ananiuliza. Wewe hujaniuliza hata mara moja. Unasikiliza tu, unatii, halafu unapanda jukwaani."

Nilitaka kumchukia kwa ukamilifu wake, chuki safi isiyo na doa, nayo ikakataa. Ndani ya uchafu ule kulikuwa na ukweli umelala, na hilo ndilo lililozidi kunitia kinyaa. Sikuwa na pa kusimama pasafi.

"Jumapili," nikasema, "kwenye mbio za mwisho, usiniambie nimpishe."

"Sitakuambia."

"Apa."

"Sina haja ya kuapa. Nimesema neno hilo hulisikii tena kinywani mwangu."

"Na ukilisema nitakwenda kwa Tajiri, na aibu iwe aibu."

"Nenda," akasema, akachukua pamba yake. "Mimi nimeshazoea kushuka."

Mtaniuliza kwa nini sikuomba mhandisi mwingine. Niliomba. Tajiri akacheka, akauliza nitampata wapi mtu wa kulijua gari langu kwa wiki moja. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilikuwa limebakiza mifupa, na mifupa hiyo nikaifunga mkanda siku ya Jumapili, nikawasha injini.

"Unanisikia?" Sauti ya Dada.

"Nakusikia."

"Mafuta sawa, joto sawa. Nenda."

Nikaenda. Ndugu zangu, nilikwenda kama sijawahi kwenda. Nilimtangulia Sabuni kwenye kona ya kwanza na sikumwachia upenyo wa kuingiza hata kidole. Na Dada alifanya kazi yake. Akaniambia kuna mafuta yamemwagika nje ya kona ya nne, nikayakuta pale pale. Akaniambia dereva wa mbele ana tatizo la gia, mizunguko miwili baadaye nikampita kapaki majanini. Sabuni akaja mgongoni, akang'ang'ania kama kupe. Nikasubiri lile neno. Halikuja.

Mzunguko baada ya mzunguko halikuja. Nikaanza, Mungu anisamehe, kumwamini.

Ilibaki mizunguko miwili. Nilikuwa natoka kwenye kona ndefu ya mwisho, ile ambayo mbele yake njia inagawanyika: kulia unaendelea na mbio, kushoto unaingia gereji. Atakayeingia gereji wakati huo mbio zake zimekwisha, na Sabuni anapita zake kuchukua kiti.

"Ingia gereji," akasema Dada. "Ingia sasa hivi. Tairi la nyuma kushoto linavuja hewa."

Nilicheka. Peke yangu ndani ya helmeti, nilicheka mpaka mate yakanirukia kidevuni. Kumbe hakuwa amevunja ahadi. Alikuwa ametafuta neno jingine.

"Hapana," nikasema.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza redio ile kubeba neno hilo kutoka kwangu.

"Nisikilize. Hewa inashuka, naiona hapa mezani. Ingia."

"Silisikii tairi likilegea."

"Hutalisikia. Litapasuka kabla hujalisikia. Ingia."

Gari lilitikisika kidogo nyuma. Lakini pale lami ina kiraka, na pale hutikisika kila siku. Au siku hiyo lilitikisika zaidi? Sikumbuki. Hata sasa ninapowaandikia nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.

"Unanichefua," nikamwambia tena, kwenye redio, akiwa kazini.

"Sijasema umpishe." Sauti yake ikakatika. Dada yangu, ambaye hakulia Baba alipomteremsha kwenye kigari, alikuwa analia sikioni mwangu. "Mdogo wangu, sijasema umpishe. Nimesema ingia."

Uchafu gani huu, nikawaza. Sasa ameongeza na machozi.

Nikavuta usukani kulia. Njia ya gereji ikapita kushoto kwangu, mafundi wamesimama nje na tairi mpya mikononi, fundi wa tairi mbele yao anapunga mikono miwili juu ya kichwa. Yule mzee wa utani hakuwa anacheka.

Redio ikanyamaza.

Nikatazama kioo cha pembeni, nimwone Sabuni alivyokasirika. Sikumwona mgongoni. Nikatazama tena, nikamwona mbali, anazidi kuwa mbali. Yule kupe, mtu aliyekula msimu wangu mzima ili afike siku ile, zimebaki dakika chache tu kiti kiwe chake, alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta na anarudi nyuma kwa hiari yake, amelisogeza gari lake upande wa kulia kabisa, mbali na tairi langu la kushoto.

Mtu anayetaka kukupita hakuachii nafasi. Anayekuachia nafasi ameona kitu ambacho hataki kimwangukie.

"Dada," nikasema.

Hakujibu.

Mbele yangu kulikuwa na kona ya kwanza, ile isiyoingilika bila kukanyaga breki, na mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye mafuta.